Jibu: CRP ya mama iko juu, je ndo sonona?
Habari ndugu, pole sana na mama. Nimekuelewa hivi, mama ana miaka 71, kipimo cha damu cha CRP kimetoka 14, chakula anagusa tu na hata jirani hataki kumuona, unauliza kama damu ndo imeonyesha sonona (depression). Haijaonyesha. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu, na ikipita 10 kwanza tafuteni maambukizi, UTI, kifua, jino, au kidonda mguuni kama ana sukari. Ni kweli wazee wenye sonona kwa wastani CRP na IL-6 (protini nyingine ya damu ya aina hiyo) zao zinakuwa juu kidogo, lakini wapo wengi wana sonona kali na CRP iko chini kabisa, na unene tu unaweza kuipandisha.

Baba yangu kule Kongwa ilikuwa hivyohivyo. Kumbe jino limeoza, likang'olewa akamaliza dozi, tukarudia kipimo baada ya wiki tatu imeshuka vizuri, ila mzee bado anaamka saa tisa usiku anakaa kitandani anasema amechoka kuishi. Hapo ndo tukampeleka Mirembe, hospitali ya afya ya akili, wakakaa nae wakamuuliza taratibu, maana sonona inajulikana kwa mazungumzo.

Mwombe daktari acheki na thairoidi, vitamini B12 na wingi wa damu, zikiwa na shida mtu anachoka na kukosa hamu vilevile. ESR, kipimo kingine cha damu kama CRP, usiitegemee sana, inapanda na umri.

Akianza kutaja kufa usisubiri maabara, mpeleke siku hiyohiyo.