Mawazo ya sanaa ya vitu vilivyookotwa: soma kwanza kazi ambayo kitu kimefanya

Ndugu yetu wa Bukavu ameeleza kwamba kwa miezi sita amekusanya gunia zima la kandambili na vipande vya plastiki vilivyotupwa ufukoni na mawimbi ya Ziwa Kivu, nyaya za umeme, na sahani za bati zilizotoboka, lakini kila anapovitandaza sakafuni haoni picha yoyote, na anapotazama kazi za wengine kwenye intaneti huishia kuziiga. Mdogo wangu, nami nilikwama mahali hapo hapo kwa karibu miaka miwili hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu.

Kosa langu lilikuwa kutanguliza wazo. Nilichora ndege kwenye daftari, kisha nikazunguka mtaa wa Birere nikitafuta manjanja, yaani mabati, yanayofanana na bawa, na nilipoyapata niliyakata mpaka yakanitii. Ndege alitokea, lakini angeweza kutengenezwa kwa karatasi ya dukani na asipungukiwe na lolote, kwa sababu nilikuwa nimeyafuta yote ambayo yale mabati yalikuwa nayo kabla hayajanifikia.

Kilichonifungua macho ni ubao wa chukudu. Kwa wasomaji wasio wa huku, chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili na usukani, kinachobeba magunia ya makala (mkaa), viazi na kabichi kutoka milimani hadi mjini. Anayekiendesha hupiga goti moja juu ya ubao wa katikati na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Jirani yangu alikuwa akiipasua chukudu iliyochoka ili mbao zake zikawe kuni, nikamwomba ule ubao wa katikati kwa sababu tu ulikuwa mpana. Nilipoufuta vumbi niliona katikati yake bonde dogo, laini kama sehemu ya ndani ya bakuli, lililochimbwa na goti la mtu mmoja kwa miaka mingi. Niliuegemeza ukutani na sikuugusa kwa wiki kadhaa. Kila asubuhi mwanga wa dirishani ulijaa katika lile bonde na kulitoka, mpaka nikaelewa kwamba kazi ilikuwa imekwisha kuchongwa, na kwamba lililobaki kwangu ni kumsaidia mtazamaji aione. Nyuma yake niliweka bati la paa lenye matundu ya misumari ya zamani, chini nikapanga vipande vya tairi vilivyokuwa vimevishwa magurudumu, na sikupaka rangi hata tone moja.

Tangu hapo, kabla sijakiuliza kitu kinafanana na nini, hukiuliza kimefanya kazi gani, na jibu hulitafuta kwenye alama zake: mahali palipolika kwa kusuguliwa, palipopinda kwa uzito, palipoungua, na zaidi ya yote mahali palipotengenezwa upya. Kiraka kwangu ni hazina kuliko rangi yoyote. Beseni lililozibwa tundu kwa kipande cha kandambili iliyoyeyushwa, au bidoni (dumu) iliyopasuka ikashonwa kwa waya, tayari vina nyenzo mbili zilizokutanishwa na mkono wa mtu aliyekuwa na haja, na mkutano huo ndio mwanzo wa kazi ya nyenzo mchanganyiko. Mara nyingi huwa nakuza kiraka hicho tu: nakirudia, nakiendeleza mpaka pembeni, na kazi nzima inazaliwa kutoka hapo.

Kuhusu kuiga, usiache kuwatazama wakubwa, ila tazama namna walivyokaa na nyenzo zao. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe mwishoni mwa miaka ya 1990 na akakaa nao muda mrefu kabla ya kujua la kufanya. Baadaye alivipondaponda, akaviunganisha kwa waya wa shaba, navyo vikawa mashuka makubwa yanayofunika kuta, huku pombe yenyewe ikikumbusha biashara iliyozifunga pamoja Afrika, Ulaya na Amerika. Huku kwetu, Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa akikarabati vinyago vya makumbusho ya taifa Kinshasa, na akajenga miji mizima kwa makaratasi na maboksi ya bidhaa. Ukiwaiga hawa, iga uvumilivu wao.

Freddy Tsimba, pia wa Kinshasa, ameunganisha maganda ya risasi yakawa miili ya watu, na najua vijana wengi wa Goma wangependa kufanya hivyo. Nakusihi kwa moyo wote usiokote chuma chochote chenye umbo la silaha usichokijua, kwa maana mabaki yasiyolipuka bado yanaua katika mkoa wetu. Vilevile usichome nyaya ili kupata shaba, kwani moshi wa ile plastiki ni sumu. Zichune kwa kisu. Betri za gari ziache kabisa.

Kuna mambo machache ya mikono ambayo yalinichelewesha. Jiwe la volkano, kama lile lililoachwa mjini kwetu na mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, lina vitundu vingi vilivyoachwa na gesi, kwa hiyo hunywa gundi nyepesi yote na kiungo huachia. Pitisha waya katika vitundu vyake, ufunge. Gundi ya mbao haishiki bati: tumia skrubu, ribiti au mshono wa waya, na usiufiche mshono huo, kwa kuwa nao unasimulia. Kutu ikikusumbua kwa wekundu wake, ipake chai iliyochemshwa kwa majani mengi bila maziwa. Tanini, ule ukali uliomo kwenye majani ya chai, huungana na chuma na kuigeuza nyeusi yenye kuelekea buluu, nawe utapata weusi ambao sijauona kwenye kopo lolote la rangi.

Sasa nirudi kwenye gunia lako. Ziweke kando nyaya na sahani, ubaki na vile vilivyotoka ziwani. Mnajua nyinyi wa Bukavu kuliko mimi kwamba plastiki ya Kivu huteremka hadi kwenye bwawa la mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme, kwa hiyo kandambili zako ziliokolewa njiani kabla ya kufika huko. Chukua kumi za mguu wa kulia peke yake. Usizipange kwa rangi. Zipange kwa namna kisigino kilivyolika, kuanzia iliyolika kidogo hadi iliyotoboka, juu ya ubao mkavu usiopakwa kitu, na uziache mahali utakapopita kila siku kwa wiki mbili bila kuzigundisha. Kisha tuwekee picha hapa, iliyopigwa asubuhi mwanga ukitoka ubavuni, ili tuone vile vibonde vya visigino.