Mwombe daktari aandike

Mama alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ulipooza. Tuliporudi naye Likoni, mhudumu wa afya alikuja kila Jumanne: ampime presha, amnyooshe mkono na mguu, atazame mgongo kama umeanza kuchubuka. Ghafla akakoma kuja. Nilipofuatilia ofisini kwao nikaambiwa, "Kama mmeshindwa, mrudisheni wodini." Mama alinisikia nikimsimulia kaka yangu, akageukia ukutani.

Wakili aliyejitolea kunisikiliza aliniuliza, "Una karatasi gani?" Sikuwa nayo hata moja.

Ndipo akanisimulia kesi ya Lois Curtis na Elaine Wilson wa Georgia, Marekani. Walikuwa na ulemavu wa akili, wamelazwa katika hospitali ya serikali. Madaktari wao wenyewe walikubali kwamba wanaweza kuhudumiwa nje, lakini wakaendelea kuwekwa ndani. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa kumfungia mtu hivyo bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Hukumu ile haiwafungi majaji wetu, lakini mimi ilinifunza pa kuanzia: kauli ya daktari. Basi mwombe daktari wa mgonjwa wako aandike wazi kwamba anaweza kutunzwa nyumbani, na anahitaji nini, mara ngapi kwa wiki.

Halafu iandikie ofisi inayomtuma mhudumu. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapokuumiza, na ya 57 inasema wazee watunzwe na familia pamoja na serikali. Pamoja, si familia peke yake! Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Uliza pia kama kuna foleni ya wanaongojea huduma, na mgonjwa wako ni wa ngapi, kwani hata mahakama ile ya Marekani ilikubali kuwa serikali yenye mpango wa kweli na foleni inayosonga inaweza kujitetea.

Tafadhali, usimshtaki mhudumu. Yule dada aliumia kama sisi.

Kufungua kesi ya haki za kikatiba hakutozwi ada, ila mimi sikufika huko. Barua ya pili, iliyotaja Mahakama Kuu, ndiyo iliyojibiwa. Sasa mhudumu huja Jumanne moja, nyingine anaruka. Zile anazoruka naziandika kwenye daftari, pamoja na upana wa kidonda cha mgongoni, ninachokipima kwa rula ya mwanangu.