Jibu: Usisaini hiyo barua kabla hujataja jina

Ngoja kwanza. Weka kalamu chini.

Unasema umekuwa meneja bora miaka miwili mfululizo, umepewa barua ya kusimamia kanda nzima, na bado ukifika nyumbani jioni huhisi chochote. Halafu dawa uliyojiandikia ni kuongeza kipimo: MBA ya jioni, uenyekiti wa Sacco ya kazini, na ahadi kwa mabosi kwamba mikopo ya tawi itakuwa maradufu kufikia Desemba. Unatuuliza usome chuo gani, upangeje saa zako, na uwaamsheje maofisa wako "waliolala". Wote waliokujibu hapo juu wanakupigia makofi. Mimi nimesoma tumbo likaanza kunguruma, kwa sababu barua kama hiyo niliwahi kuisaini, na walioilipia ni watu wengine.

Nilikuwa meneja wa tawi la shirika la mikopo midogo hapa Nairobi, na wateja wetu wengi walikuwa akina mama wa mitumba wa soko la Gikomba. Mikopo ya vikundi. Wanakutana kila wiki, wanaweka akiba, mmoja akikwama wenzake wanamlipia. Wewe uko kwenye kazi hii, unajua hesabu yake: mkopo ukilala siku 30 bila rejesho unaingia safu nyekundu ya ripoti, na safu hiyo ndiyo inayoamua kama bosi wako atakupigia simu saa moja asubuhi.

Mwaka 2022 makao makuu yakatangaza ngao ya tawi bora. Vigezo viwili: umetoa mikopo kiasi gani mpaka Desemba 31, na safu nyekundu inasoma ngapi usiku huo. Usiku huo tu. Aprili hakuna aliyeiuliza. Na yeyote aliyewahi kukalia kiti cha tawi anajua mlango wa nyuma uko wapi. Mteja anayeyumba unampa mkopo mpya, mkubwa kidogo; mpya unalipa wa zamani, kwenye ripoti anaonekana mzima, na jumla ya ulichotoa inapanda. Unavuna mara mbili kwa mtu yule yule anayezama. Wala huibi shilingi ya mtu, kila karatasi ina sahihi yake.

Ofisa aliyeshika Gikomba alikuwa dada mmoja mtulivu, aliyejua hata nani kafungua beli ya mitumba asubuhi na kama ilitoa kamera (nguo za daraja la kwanza) au matambara. Mwishoni mwa Novemba akaniambia: "Bosi, hiki kikundi tusikiongezee. Dola imekuwa adimu, beli zimepanda, wanaingiza nusu ya mzigo. Wanaomba tu wapunguziwe rejesho mpaka Februari." Alikuwa sahihi kabisa. Shilingi ilimaliza mwaka ule ikiwa karibu 123 kwa dola, na kabla ya mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 150. Nikamjibu, "Niletee namba, usiniletee hadithi." Nilijiona jemadari.

Sentensi hiyo haikuwa yangu. Niliuziwa na kocha wa uongozi, hotelini Naivasha, kwa pesa ya ofisi. Jamaa wa kipaza sauti cha shavuni, viatu bila soksi. Akatuambia kwamba kiongozi asiyevunja rekodi yake kila robo mwaka ameshaanza kuoza. Akatuwekea video ya Eliud Kipchoge akimaliza marathoni kule Vienna, Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, ukumbi mzima tukasimama, wengine machozi. Hakutuambia kwamba muda ule hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi, na wakimbiaji wa kumvutia kasi walikuwa wakipokezana njiani. Hakutuambia pia kwamba mtu huyo huyo, na pesa zake zote, amekuwa akikaa kambini Kaptagat akisafisha vyoo kwa zamu na wenzake, na kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye daftari. Hiyo ndiyo sehemu ya kuwafundisha mameneja! Lakini choo hakiuzi tiketi. Kocha akachukua hundi, akaondoka kabla ya chakula cha jioni, nami nikarudi mjini na sentensi moja. Nikikutana naye Moi Avenue nitamdai nauli.

Basi tukatoa mikopo. Na wewe unajua pesa ya mkopo wa Desemba inakokwenda. Inapanda gari kwenda ushago, inakula Krismasi, kisha inakutana na Njaanuari na karo. Beli haioni hata ndururu. Ngao tulishinda, ya kioo, jina langu likiwa limekosewa herufi moja. Kufikia Aprili kikundi kilikuwa kimesambaratika. Akiba ya wote ikakatwa kufidia walioshindwa, na mama ambaye hajawahi kuchelewa hata wiki moja akapoteza alichoweka miaka mingi.

Mwenyekiti wao akaja ofisini. Hakupiga kelele. Kelele ningeiweza, tulishafundishwa namna ya kumtuliza mteja. Alikaa, akatoa kwenye kiondo daftari lililofunikwa kwa gazeti, akalifungua kuanzia mwaka walioanza, kidole kikishuka kwenye safu ya marejesho. Tiki, tiki, tiki. Akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine. Tiki. Alipofika Desemba akaligeuzia kwangu: "Hapa tulikuomba nini, na wewe ukatupa nini?" Nikaanza kumweleza habari za sera ya kampuni. Mtu mzima na ndevu zangu, sera ya kampuni mdomoni.

Ofisa wangu aliacha kazi mwezi huo huo. Barua ya mistari miwili, hata sababu hakuandika.

Sasa cheka kidogo: mimi nikapandishwa cheo. Kanda nzima, gari, kadi ya mafuta. Waliosoma faili walisoma namba za Desemba.

Nikabeba ngao mpaka Murang'a nikamwonyeshe mzee. Baba ni mwalimu mstaafu. Tangu darasa la kwanza nikileta ripoti alikuwa na swali moja tu: "Na namba moja alikuwa nani?" Nikiwa namba moja, aliuliza namba moja wa shule jirani alipata alama ngapi. Basi akavaa miwani, akaigeuza ngao mbele na nyuma, akauliza, "Matawi yalikuwa mangapi?" Nikamwambia. "Kumbe si mengi." Akarudi kwenye chai yake.

Nilicheka mpaka ikabidi nitoke nje nijifanye naangalia ng'ombe. Miaka yote ile ripoti nilikuwa namwandikia yeye. Akina mama wa Gikomba walikuwa wamelipa deni la swali la mzee mmoja wa Murang'a, na mzee mwenyewe hata hajui kwamba aliuliza. Simlaumu. Kocha ndiye ninayemlaumu, maana alilipwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: kabla hujapokea targeti, cheo au shahada, taja jina la mtu unayetaka akuone ukivipata. Jina kamili, usiniandikie "kukua kitaaluma". Kama ni la mtu ambaye kazi yenyewe haimgusi (baba, mpenzi wa zamani, mwanafunzi mwenzako aliyekwenda Kanada, yule shemeji wa Prado) liache hilo lengo, hata kama kila mtu anasema unaliweza. Hasa kama unaliweza. Jina likiwa la mteja au la ofisa wako, chukua, na ufanye kazi mpaka usiku. Targeti hazina kosa, tawi lisilo na targeti hufungwa. Mimi huandika jina kwa kalamu pembeni mwa fomu kabla ya kusaini, na nimewahi kurudisha fomu pembeni ikiwa tupu. Bosi alinikazia macho, nikamwambia nina kiungulia.

Kanda niliiacha. Niliomba nipewe kazi ya kufundisha maofisa wapya. Mshahara ukashuka, gari likarudi, sasa nagombania matatu ya Githurai na ukiniona stejini usinisalimie kwa sauti ya matanga. Juzi kijana mgeni alinipigia kutoka soko la Muthurwa, amesimama na mama wa viazi anayeomba laki moja. Nimpe? Nikamwuliza gunia linaisha siku ngapi. Kimya. Nikamsikia akimwuliza mama, mama akimweleza kwa kirefu, mkokoteni ukipiga kelele za kupishwa. Akarudi kwenye simu: "Siku nne, lakini mvua ikinyesha ni sita." Akanyamaza kidogo, kisha akasema atampa elfu arobaini na amweleze kwa nini. Hakuniuliza kama ni sawa. Hakuna anayetoa ngao kwa kitu kama hicho, na mimi jioni ile nilijua ninachopenda kwenye kazi hii: kuona mtu akianza kuuliza maswali yake mwenyewe. Nilikuwa nacho hata nikiwa meneja, sikuwahi kukiangalia kwa sababu hakikuwa na safu kwenye ripoti.

Na hao maofisa wako "waliolala", umewahi kuwauliza wanachokataa kukiamini? Wangu nilimwona mzito, kumbe tawi zima ni yeye pekee aliyekuwa macho.

Mambo ya chuo na ratiba watakusaidia wengine, nimeshasahau uliuliza nini hasa. Umesema unasaini Ijumaa. Andika hapa chini jina moja. Na ukiandika "mimi mwenyewe" nitarudi tukae hapa mpaka useme ukweli.