Kamba ya Katani na Glasi ya Mchele: Kuwafundisha Watoto Unabii

Mtoto wa Ngamiani, Tanga, ukimuuliza nabii ni nani, mara nyingi atasema ni mtu anayejua ya kesho, au atakutajia wale wa kwenye mabango, wenye mafuta na maji ya upako. Wenzake wanaosoma madrasa wana afadhali kidogo, maana Nabii Yunus wanamjua kama mtu aliyetumwa. Basi na wewe anzia kwenye kutumwa. Hakuna mtoto wa Tanga ambaye hajapelekwa kwa shangazi na maneno ya kufikisha, akaonywa asiongeze wala asipunguze. Nabii ndiye huyo. Kila somo liulize: nani katuma, nani kapelekewa, na alikuwa amefanya nini hata akapelekewa? Mpaka hayo yajibiwe, Yesu asitajwe bado.

Walimu wengi wa shule ya Jumapili huanza na Danieli au Ufunuo kwa sababu kuna wanyama na moto. Watoto husikiliza kweli, halafu usiku hawalali. Anza na nabii Natani mbele ya mfalme Daudi, 2 Samweli 12. Kwa wa miaka 5 hadi 7 soma aya ya 1 hadi 7, ruka hadi Daudi anapokiri katika aya ya 13, ufunge kitabu. Habari ya mtoto wa Daudi aliyekufa ingoje wakue. Wiki inayofuata mlete Amosi, mchunga kondoo na mtunza mikuyu wa Tekoa, aliyetumwa kaskazini kuwakemea waliomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Mpaka hapo watoto wameshapata manabii wawili, na hakuna aliyewaza ramli.

Kuanzia miaka 8, tafuta kamba. Katani ni mali ya nyumbani, nunua mita 29. Mita moja ni miaka mia. Usiweke alama kwa mafundo, kwani fundo hula kamba na vipimo vyote vitahama. Shonea vipande vya kanga. Pima kamba ikiwa kavu, maana katani ikilowa hujikunja na kufupika. Kipande cha kwanza ni Amosi, miaka ya 760 KK. Nusu mita mbele weka Isaya na Mika. Yerusalemu inaanguka mwaka 586 KK, Koreshi mfalme wa Uajemi anawaruhusu Wayahudi kurudi mwaka 538 KK. Vipande hivyo viwili vinakaribiana, nusu mita tu. Kristo anakuwa mita 7 na sentimita 60 kutoka kwa Amosi, na kutoka kwake hadi leo ni mita 20 na ushee. Ukumbi hautatosha, tokeni nje chini ya mwembe.

Mtoto mmoja asimame kwa Mika, mwingine kwa Kristo, wa Mika asome 5:2. Hapo eleza udogo wa Bethlehemu: ni kama kuambiwa mkuu wa nchi atatoka kijijini Tongoni, Dodoma wakae wakitazama. Umbali wa kamba utasema mengine, wewe nyamaza kidogo.

Penye ugumu ni Isaya 7:14, ishara ya bikira atakayemzaa Imanueli, na mtoto wa miaka 12 mwenye akili atakubana: Ahazi mfalme wa Yuda anaogopa wafalme wawili, wa Shamu na wa Israeli, ishara ya miaka mia saba baadaye itamfaa nini? Swali ni la haki, usimkemee. Soma naye hadi aya ya 16: kabla mtoto huyo hajajua kuchagua mema, nchi za wafalme hao wawili zitaachwa ukiwa. Dameski, mji wa Shamu, ulianguka mwaka 732 KK. Sasa chukua glasi na mchele. Mimina nusu: hii ni siku ya Ahazi, neno lilimfaa. Jaza hadi ukingoni: huyu ni Yesu wa Mathayo 1:23. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana hesabu huanza kidogo na ikifika kamili tunasema imetimia. Glasi hiyohiyo itakuokoa kwenye Hosea 11:1, inayozungumza juu ya kutoka Misri zamani, ilhali Mathayo anaiona imejaa kwa Yesu.

Yona ana swali lake: alitangaza kwamba baada ya siku 40 Ninawi itaangamizwa, siku zikapita na haikuangamia, je, alidanganya? Mama akimwambia mwanawe "utaanguka kwenye huo mwembe", naye akashuka, mama hakusema uongo. Wakubwa wasome Yeremia 18:7-8.

Kuhusu manabii wa mabango, usimtaje mtu jina. Mzazi wa mtoto huyo huenda alikuwa huko juzi. Soma Yeremia 28. Hanania anaivunja nira shingoni mwa Yeremia na kuahidi kwamba katika miaka miwili mambo yatakuwa shwari. Mwaka huohuo Hanania anakufa. Ongeza Kumbukumbu la Torati 13:1-3, kwa sababu kipimo cha "likitokea ni kweli" peke yake hakitoshi, na Mika 3:11 kwa wanaobashiri kwa fedha.

Unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, usiwe fimbo ya kunyamazishia darasa. Ufunuo uliandikiwa makanisa saba, baadhi yakiteswa, yafarijike. Chini ya miaka 10 sura ya 21 inatosha. Na mtoto akisimama pale kamba inapoishia, akauliza Yesu anarudi lini, msomee Marko 13:32, kisha mweleze kwamba huko Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wakaamka asubuhi yake dunia iko vilevile. Ndiyo maana umenunua mita 29: baada ya leo imebaki kama mita moja. Usishonee kitu hapo.