Mapango ya Phang Nga kwa asiyejua kuogelea

Dada, umeuliza kama mtu wa Kisumu asiyejua kuogelea anaweza kuingia mapango ya Phang Nga, kule Thailand, kwa kayaki. Anaweza. Katika ziara nyingi za kutoka kisiwa cha Phuket, mwelekezi ndiye anayepiga kafi. Wewe unakaa tu na jaketi okozi lako. Akikuambia lala chali, lala haraka, maana paa la mwamba wa chokaa hushuka karibu na pua. Popo wapo pia (harufu yao utaizoea, au hutaizoea). Ukitokea upande wa pili unakuta uwazi uliozungukwa na majabali, mikoko chini, mbingu juu. Zamani palikuwa pango, paa likaporomoka.

Kabla ya kulipa, uliza saa za maji kujaa na kupwa. Ziwani kwetu hatujali hilo, lakini kule ndilo linalopanga ratiba: yakijaa sana mlango unazibika, yakipwa sana kayaki inakwama. Nenda kati ya Novemba na Aprili, wakati wa kiangazi. Kama unataka kujipima kwanza, shuka Dunga, ufukwe wa ziwa pale Kisumu, asubuhi kabla ya upepo, na mtu anayejua viboko wanakolala.