Analala masaa nane ila anaamka hoi, na presha haishuki

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 48, anakoroma hadi chumba cha pili wanasikia, alafu ghafla kimya kama hapumui, mara anashtuka anaanza upya. Analala masaa nane ila asubuhi kichwa kinamuuma na mchana anasinzia hata katikati ya maongezi. Usiku anaenda chooni mara tatu nne. Presha anameza dawa aina tatu na bado ipo juu. Nimtafutie dawa ya usingizi?

JIBU: Marahaba dada yangu. Dawa ya usingizi usimpe kabisa, naanza na hilo manake ndo lenye hatari. Pombe ya usiku nayo aache. Vyote hivyo vinalegeza koo, na koo lake ndo nahisi lina shida.

Hicho kimya unachokisikia ndo cha kushughulikia kuliko hata kukoroma kwenyewe. Mtu akilala misuli ya koo inalegea, kwa wengine ulimi unarudi nyuma njia inaziba kabisa, kifua kinahangaika kuvuta ila hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka unaamuru adrenalini imwagwe, moyo unaenda mbio na presha inaruka juu, anavuta pumzi kwa kishindo kisha huyooo amelala tena na asubuhi hakumbuki chochote. Kitaalamu tunaita apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunaihesabu, na wale wenye hali kali inawatokea mara 30 au zaidi kwa saa. Piga hesabu kwa masaa nane, ni mara 240 au zaidi mwili unashtuliwa, sasa huo usingizi uko wapi?

Kwa kawaida presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, moyo nao unapumzika. Wake haupati nafasi hiyo, ndo mana dawa tatu zinaonekana hazifanyi kazi, na ikiachwa hivyo hatari ya kiharusi na moyo kupiga bila mpangilio inaongezeka. Hata hiyo safari ya chooni inaweza kutokea hapohapo, moyo ukivutwavutwa unatoa homoni inayoiambia figo itoe maji zaidi. Ila sukari na tezi dume apime pia, tusibahatishe.

Leo usiku mrekodi kwa simu dakika kumi hivi, hasa kale kakimya, alafu mwende na hiyo video kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mapafu muombe kipimo cha usingizi. Ni vifaa tu vinafungwa kidoleni, puani na kifuani usiku mmoja, haviumi. Ikithibitika kuna mashine ya CPAP, inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, mwanzoni inakera kweli lakini wengi wakishaizoea wanasema walikuwa wamesahau kuamka wepesi kukoje. Kama ana uzito mkubwa, kupungua kunasaidia sana, na kwa sasa alalie ubavu, sio chali.

Dawa za presha asiache hata siku moja. Na gari asiendeshe mpaka apimwe na atibiwe, huko kusinzia katikati ya maongezi kunaweza kumkuta akiwa barabarani.