Nipige gari rangi mbele ya kuiuza?

Swali: Fundi, jambo. Niko na Toyota Noah ya 2006, rangi ya fedha, nataka kuiuza mbele ya watoto kurudi masomo. Chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) ilinikwaruza mlango wa kushoto, parshoki (bampa) ya nyuma imebonyea, taa za mbele zimekuwa njano, tena juu ya gurudumu la nyuma rangi imevimba kidogo kama malengelenge. Komisioneri (dalali wa gari) ananiambia nitoe dola 500 gari yote ipigwe rangi upya, ati nitazirudisha mara tatu. Nifanye? (Mama wa Katindo, Goma)

Jibu: Hapana mama, usitoe. Hizo 500 hazitarudi, na pengine zitakushushia bei kabisa. Hii swali inanifikia kila wakati, na kila wakati nyuma yake kuna komisioneri.

Watu wanafikiri rangi mpya ni gari mpya. Mtu anayekuja kununua Noah ya 2006 anajua vizuri kama ni ya zamani, haji kutafuta kung'aa, anakuja kusikia motere, kujaribu boiti (gia), na kujua kama iligongwa. Akikuta inang'aa yote mpaka kwenye kona za milango ataanza kujiuliza inafichwa nini. Na ana haki ya kujiuliza! Rangi ya kiwanda, hata ikiwa imechoka na imekwaruzwa, inamuonyesha kama bati ya chini haijaguswa. Ukiifunika umemnyima ile kitu moja iliyokuwa inakutetea.

Tena siku hizi wanunuzi wameamka. Kuna kamashine kadogo ka kupima unene wa rangi: ile ya kiwanda inakuwa kati ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 100 na 150 hivi, ikipigwa juu mara ya pili inapita 200, na penye mastiki (ule uji mzito wa kujazia bati iliyobonyea) inaweza kupanda mpaka 1000 na zaidi. Asiye nako anakuja na sumaku ndogo amefunga kwenye kitambaa, anaipitisha polepole juu ya bati, penye mastiki nene haishiki.

Na wewe rangi yako ni ya fedha, ndiyo inasumbua kuliko zote. Ndani yake kuna vipande vidogo sana vya aluminiamu, na namna vinalala inategemea presha ya kompresa, umbali wa bastola ya rangi na kama rangi imepigwa ikiwa maji maji ao kavu. Kwa hiyo hata ukiwa na namba sahihi ya rangi, ile iliyoandikwa kwenye kibao ndani ya kapo (boneti), mlango unaweza kutoka mweusi kidogo kuliko wa jirani yake. Sasa fikiria yule anayechanganya kwa macho ndani ya chupa ya maji iliyokatwa, anapiga inje, kando ya barabara, vumbi ya makoro (mawe ya volkano) inapita, kompresa haina chujio ya maji. Ukishika kwa mkono unasikia kama msasa.

Kwa gari yako sasa. Taa, tengeneza, hiyo ni pesa kidogo na mnunuzi anaona mara moja, na usiku barabara ya Sake utaona tofauti mwenyewe. Zisuguliwe kwa msasa wa maji, namba 800, halafu 1500, halafu 2000, zipolishwe, mwisho zipigwe verni ya kuzuia jua. Wale wanaosugua taa kwa dawa ya meno waache, bila verni njano inarudi mbio. Parshoki ni plastiki, mara nyingi ukiimwagia maji ya moto na kusukuma toka ndani inarudi, ila rangi isiwe imepasuka. Mkwaruzo wa chukudu, pitisha ukucha: kama haukwami, polishi inatosha, kama unakwama na unaona bati, weka rangi kidogo kwa kaburashi ili kutu isiingie, basi, alama ibaki inaonekana. Osha gari vizuri, ndani na inje, na umuonyeshe mnunuzi ule mkwaruzo mbele hajauona mwenyewe.

Yale malengelenge ndiyo yananitia wasiwasi, na ndiyo komisioneri wako anataka yafunikwe. Rangi ikivimba hivyo, kutu mara nyingi imetoka ndani kuja inje. Juu ya gurudumu bati ni mbili zimeshikana, udongo unakaa katikati na maji hayatoki. Hapa Goma tuna na moshi wa volkano ya Nyiragongo unaoleta mvua yenye asidi, munaona vile inakula mabati ya nyumba, gari nayo inakuliwa vilevile. Na zingine zimefika toka Japani, sehemu za theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani, kutu ilishaanza mbele hazijapanda meli.

Fundi wa haraka anafanya nini? Anakwangua juu juu, anasukuma karatasi ao matambara ndani ya tundu, anapaka mastiki, msasa, rangi, saa kumi umerudishiwa gari. Mastiki inanyonya maji kama sponji! Mvua ya Septemba haiishi, malengelenge yamerudi makubwa kuliko mwanzo. Kazi ya kweli ni kukata mpaka bati safi, kuchomea kipande kipya, kupiga praima ya kuzuia kutu inje na ndani. Kama hutaki kulipa hiyo usiguse, acha vile iko na upunguze bei.

Na wewe unayesoma hii ukiwa mnunuzi, hii ni ya kwako zaidi. Hiyo mastiki haiishii juu ya gurudumu. Nimefungua gari zenye rangi mpya nzuri, chini ya milango na kwenye longroni (vyuma virefu vya chini vinavyobeba gari) hakuna chuma tena, ni mastiki na rangi nyeusi ya chini, na familia nzima inapanda humo kwenda Rutshuru. Gari ikigongwa, hapo hapana kitu cha kuwakinga. Ingia chini na tochi, gonga na mpini wa turunavisi (bisibisi), chuma kinalia, mastiki inatoa sauti butu. Uliza picha za gari mbele haijapigwa rangi, na kama mwenyewe hana ao anakukataza kuingia chini, usitoe hata avansi.